Nyangeta Hakuzama

Ukimpa Mwalimu riwaya aisome, ujue itarudi imesahihishwa. Wala si makosa ya chapa peke yake. Alikuwa na kalamu nyekundu tangu enzi zake za darasani, na pembeni mwa kurasa aliwaandikia wahusika kana kwamba ni wanafunzi wa kidato cha pili. "Unalia nini sasa?" "Kazi yako ni ipi?" "Tangu kitabu kianze hujala. Unaishi kwa upepo?" Siku moja nilimpa riwaya ya mapenzi niliyoletewa kutoka Mwanza. Kwenye ukurasa wa mwisho, pale msichana anapomwangukia mchumba wake kifuani, nilikuta ameandika: "Alama ndogo. Ajitahidi."

Alinifundisha Kiswahili sekondari. Baadaye, nilipofungua steshenari yangu Musoma mjini, akawa mteja wangu, kisha rafiki yangu, kisha mzigo wangu. Nasema mzigo kwa mapenzi. Alikuwa amestaafu, anaishi Nyegina, na asubuhi nyingi alipanda gari kuja mjini akakaa kwenye kiti changu cha wateja, akasoma chochote kilichokuwa kinatoka kwenye mashine. Vyeti vya watu, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi. Mteja anasubiri kopi zake, Mwalimu anamwambia, "Pole kwa msiba, mwanangu, lakini hapa mmemzika marehemu katikati ya sentensi. Wekeni nukta." Wengine walikasirika. Wengi waliweka nukta.

Alikuwa mwembamba, mfupi, na alitembea haraka kama mtu anayewahi kengele. Hakuwahi kuolewa. Nyegina walimuuliza kwa miaka mingi, hasa akina mama wa jumuiya wakitoka misa, na jibu lake lilikuwa moja: "Nilikuwa nasahihisha madaftari." Akishasema hivyo anacheka mwenyewe, na aliyeuliza anabaki hajui kama aulize tena au aombe radhi.

Kwetu sisi wanafunzi wake alipiga marufuku neno lolote lenye "-ga" mwishoni. "Hakuna nilikuwaga. Hakuna anakulaga. Mnataka watahiniwa wa Pwani wawacheke?" Alitusimamisha mbele ya darasa kwa kosa hilo. Lakini Mwalimu akikasirika kweli, ile -ga ilimtoka yeye mwenyewe kama mvuke kwenye sufuria. Tulijua hasira zake zimefika wapi kwa kuhesabu -ga. Akisema "Ninyi watoto mnanichoshaga," tulikuwa bado salama. Akisema "Mnanichoshaga, na nilikuwaga nawapendaga," darasa zima lilikuwa linatafuta mlango.

*

Jambo lililomgusa kuliko yote lilikuwa wasichana wa hadithi za mapenzi za kuchekesha. Aliwapenda kupita kiasi, na ndiyo sababu aliwagombeza. Na hadithi ikitoka kitabuni ikaenda kwenye sinema, Mwalimu hakulala. Alisoma kitabu, akatazama sinema kwenye simu yangu huku ameishika mbali na uso, kisha akaanza.

"Kitabuni huyu alikuwa mtu," alisema. "Alikuwa na mdomo, alikuwa na kazi, alikuwa na hasira, alikuwa na tumbo. Tazama sasa. Wamemwachia nywele tu."

Nilimwambia labda sinema ni fupi, haina nafasi.

"Nafasi ya kuanguka ipo? Tazama, ameanguka kwenye ngazi. Sasa anamwagia bosi juisi. Kwa nini wanaangukaga kila mara?" Hapo nilijua ana hasira. "Mwanangu, mwanamke akiwa mzuri na mwerevu kwa pamoja, watu wa sinema wanaogopa. Basi wanamvunjia sahani mkononi ili watazamaji wamsamehe."

Alikuwa na msemo mwingine ambao wateja wangu waliuchukua wakaenda nao mpaka sokoni Mwigobero: "Mapenzi bila ugali ni malaria." Maana yake, msichana ambaye hali, halali, hafanyi kazi, anatetemeka tu akimwona kijana, huyo apelekwe zahanati. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikula kama ndege. Nikimwekea ugali wa muhogo na sato, anachokoa samaki upande mmoja, anaanza kueleza jambo, chakula kinapoa. Nikamwambia siku moja, "Mwalimu, ungekuwa kwenye kitabu ungejiandikia pembeni." Akachukua tonge moja kubwa, akalimeza kwa shida, akasema, "Haya. Endelea na kazi."

*

Kisha akaandika kitabu chake. Aliandika kwa mkono, akaniletea nichape. Nilikaa mimi kwenye kompyuta, yeye pembeni, na kila nilipofurahia kitu alinitazama kwa jicho la pembeni kuona nimecheka mahali panapostahili.

Kitabu kilimhusu Nyangeta, mwanamke wa mwambao wa ziwa, mnene, mabega kama ya mpiga kasia, na kwa kweli alipiga kasia. Alinunua samaki Rukuba, kule kisiwani kwenye kambi za wavuvi, akawapeleka kuuza mpaka Butiama siku za gulio. Alikula. Lo, alikula! Kuna sura nzima Nyangeta anakula kichwa cha sangara huku mchumba anasubiri kuongea, na hiyo ndiyo sura watu waliyoipenda zaidi. Mchumba mwenyewe aliitwa Magesa, mtaalamu wa mifugo, mtu wa ng'ombe na nchi kavu, anayeogopa maji. Anampenda Nyangeta tangu siku aliyomwona akimpa mchuuzi mwenzake makavu yake gulioni. Anaamua kwenda Rukuba kuwaona wajomba wa Nyangeta, amevaa suti na tai. Wimbi linapiga boti, Magesa anatumbukia, na Nyangeta anamvuta kutoka majini. Akiwa bado anatapika maji ya ziwa, Magesa anatangaza posa.

Nyangeta anacheka. Anamwambia, "Nenda kajifunze kuogelea kwanza, ndipo urudi." Magesa anaondoka amelowa. Kitabu kinaisha Nyangeta yuko gulioni, anauza samaki, amesimama wima.

"Alirudi?" nilimuuliza nilipomaliza kuchapa mstari wa mwisho.

"Nani?"

"Magesa."

"Kwani umechapa kwamba alirudi?"

"Hapana."

"Basi wewe ulichapa vizuri."

Kitabu kilichapishwa Mwanza kwenye mashine ndogo, kikauzwa nje ya kanisa, shuleni, na kwenye kaunta yangu. Watu walikipenda. Wote waliuliza swali nililouliza mimi, na wote aliwajibu, "Soma tena." Wengine walisoma tena kweli, masikini, wakitafuta ukurasa uliodondoka. Na wakiuliza kama Nyangeta ni mtu aliyewahi kuishi, alisema, "Nimemtunga. Mimi ni mwalimu, si mwandishi wa habari."

*

Dairekta wa sinema alikuja kutoka Mwanza. Kijana mpole, amevaa kofia ya sufu juani, na nyuma yake wenzake wawili waliobeba begi moja kwa pamoja. Walikutana na Mwalimu dukani kwangu kwa sababu kitabu kilikuwa na anwani ya steshenari. Alikuwa amekwisha kupata ruhusa ya Mwalimu kwa simu, na sasa alileta skripti.

"Mama, imekaa vizuri sana," alisema.

"Mimi si mama yako. Ni Mwalimu."

"Samahani, Mwalimu. Kuna vitu vidogo tumeviweka sawa."

Mwalimu akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu, akaanza kusoma. Nilizima feni ili karatasi zisipeperuke. Baada ya muda akainua kichwa.

"Nyangeta yuko wapi?"

"Ndiye huyo Nancy."

"Nancy ni nani?"

"Ni Nyangeta, Mwalimu, ila wa kimataifa."

Mwalimu akaandika kitu pembeni. Sikuthubutu kuchungulia. "Na huyu Nancy anauza nini?"

"Hauzi. Amerudi likizo kutoka Dar, amemaliza chuo."

"Amesomea nini?"

Dairekta akawatazama wenzake. Mmoja akasema, "Hatujafika hapo."

"Naona Magesa naye amekuwa Brayan. Na ziwani hapa, nani anazama?"

"Nancy. Brayan anajirusha, anamwokoa. Watazamaji wanapenda hivyo."

"Mtoto wa ziwa anazama ziwani?"

"Anateleza kwenye boti. Tutamwaga maji kidogo."

"Kijana wangu," Mwalimu akasema taratibu, "boti inakuwaga na maji tayari. Na mtu wa mwambao wetu wa Majita anatembeaga humo tangu hajaota meno."

Nilihesabu -ga mbili nikasogeza kikombe cha chai mbali na mkono wake. Nilidhani atawarudishia skripti yao na kuwafukuza. Dairekta naye alidhani hivyo, akaanza kufunga begi. Ila kabla hajafunga, akasema jambo, na alilisema bila ujanja.

"Mwalimu, kitabu chako kimesomwa na wanaosoma. Sinema itawafikia watu ambao maisha yao yote hawajawahi kufungua kitabu. Itaoneshwa mpaka kwenye mabasi."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta na upindo wa kitenge, akaivaa tena. Mimi niliyemjua sikuelewa kwa nini maneno hayo, kati ya yote, ndiyo yaliyomshika.

"Fanyeni," akasema. "Lakini siku ya kuzama nitakuwepo."

*

Tulikwenda Rukuba wote, nikafunga duka kwa ajili hiyo. Mwalimu alikaa mbele ya boti, mgongo umenyooka. Binti wa kuigiza Nancy alikaa katikati, amejifunga maboya mawili, macho ameyafumba. Alikuwa mrembo, mwembamba, ametoka Dar, na alikuwa anaogopa ziwa kwa dhati. Mwalimu alikuwa amekuja tayari kumchukia. Njiani kutoka Nyegina aliniambia atakavyomchukia, kwa mpangilio, utangulizi mpaka hitimisho.

Chuki hiyo haikudumu hata asubuhi nzima. Akina mama wa kambini walipika furu, wale samaki wadogo wadogo wenye miiba, na yule binti alikaa pembeni hali, kwa sababu ameambiwa akila tumbo litaonekana kwenye gauni. Mwalimu akamtazama. Akasimama, akachukua sahani, akaenda kukaa naye kwenye gogo.

"Kula. Utazamaje una njaa?"

"Dairekta atanisema, Mwalimu."

"Atanisema mimi. Kula."

Binti akala. Akala furu kwa vidole kama aliyezaliwa kwenye mtumbwi, akaomba na dagaa. Mwalimu alimtazama kwa furaha ambayo hajawahi kumwonesha mwanafunzi yeyote aliyefaulu. Ndipo binti akafuta mikono, akatoa kitabu kwenye mkoba wake. Kitabu chenyewe, kimekunjwa kunjwa kwa kusomwa.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Huyu Nyangeta alimpenda Magesa, au hakumpenda?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona alimpenda sana. Ila kitabu kinaona aibu kusema."

Niliacha kutafuna. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mwalimu kwamba kitabu kina aibu. Nilisubiri -ga. Haikuja. Mwalimu alitazama majini, akasema kwa sauti ndogo, "Kila mmoja anasema kwa namna yake."

"Lakini Magesa angejuaje?" binti akauliza. "Amechekwa, amelowa, ameambiwa nenda. Mimi ningekuwa yeye nisingerudi."

Mwalimu aliinuka, akasema anataka kunyoosha miguu, akaenda ufukweni peke yake.

Alasiri wakapiga picha ya kuzama. Sitaisimulia yote, maana watu wa Rukuba wanaisimulia vizuri kuliko mimi. Kijana wa kuigiza Brayan alikuwa na kifua kizuri cha mazoezi lakini maji yalipomfika kiunoni alianza kusali. Wavuvi wawili walimshika miguu chini ya maji ili aonekane anaogelea. Kambi nzima ilisimama kwenye mawe ikicheka, na dairekta akawa anaomba, "Jamani, sauti! Tunarekodi!" Nancy "alizama" mahali ambapo maji yalimfika magotini, ikabidi apige magoti.

Kisha binti akamfuata dairekta, wakazungumza pembeni kwa muda, yeye akionesha kitabu, dairekta akikuna kichwa. Sikusikia walichosema.

*

Sinema ilipotoka, Mwalimu alikataa kwenda Mwanza kwenye uzinduzi. Alisema anaumwa mgongo. Tuliiona Bunda, kwa bahati. Tulikuwa tumekwenda kununua karatasi za duka, na nje ya kibanda umiza mmoja karibu na stendi, kimojawapo cha vile vibanda vya kutazama mpira na sinema, tukaona ubao umeandikwa kwa chaki jina la sinema yetu. Mpira wa siku ile ulikuwa bado. Mwalimu akasimama mbele ya ubao, akasahihisha herufi moja kwa kidole, akaingia.

Tulikaa kwenye benchi la nyuma, kati ya vijana wa bodaboda. Mwalimu alijitahidi kwa muda mfupi. Nancy alipotokea akivuta begi la magurudumu kwenye mchanga, akasema kwa sauti, "Begi la magurudumu kwenye mchanga." Nancy alipoangusha simu, akasema, "Nilijua." Brayan alipopiga mbizi, akasema, "Ameshikwa miguu huyo."

Mwenye kibanda akageuka. "Bibi, kaa kimya au nikurudishie hela yako."

"Huyu ndiye aliyeitunga," nikamwambia.

Kibanda kizima kikageuka. Kijana mmoja akasema, "Shikamoo Bibi. Sasa mbona huyu dada hali?"

"Marahaba, mjukuu wangu!" Mwalimu akasema, karibu asimame. "Wewe una akili. Kitabuni anakulaga kichwa cha sangara!"

Basi wakawa wanatazama sinema na kusikiliza kitabu kwa pamoja. Skrini inaonesha hili, Mwalimu anawaambia lile, vijana wanacheka mara mbili. Nilifikiri siku ile Nyangeta amelipa kisasi chake.

Kisha ikafika sehemu ambayo haikuwa kwenye skripti tuliyoisoma. Brayan amekosana na Nancy, ameondoka. Nancy yuko Rukuba kwenye jiwe, peke yake, nywele zimevurugika, hana poda usoni. Hakuna muziki. Anatazama ziwa, analia bila urembo, pua inatoka makamasi, na anasema, "Nilikuambia nenda. Nilitaka urudi."

Basi. Ni hivyo tu. Kisha sinema ikaendelea na upuuzi wake mpaka harusi.

Vijana walimgeukia Mwalimu wakisubiri kitabu kinasemaje hapo, na hakuwaambia. Harusi ilipoanza aliinuka, tukatoka. Stendi alinunua mahindi ya kuchoma akayashika mkononi mpaka tulipofika njia panda ya Butiama bila kuyang'ata.

"Yule binti ameharibu," akasema mwishoni.

"Ameharibu nini, Mwalimu?"

"Ameharibu." Akanipa mahindi.

*

Mwaka haukuisha. Mzee mmoja akaingia dukani kwangu asubuhi, mrefu, koti la kaunda suti lililopigwa pasi, fimbo mkononi. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Aliamkiwa, akaitikia, akasema anatoka Butiama, ni bwana mifugo mstaafu, na kwamba alikuwa kwenye basi kutoka Mwanza.

"Kwenye basi wameonesha sinema," akasema. "Mwanzoni wameandika jina la aliyetunga. Nimeambiwa wewe unamjua."

"Ninamjua. Kuna nini, Babu?"

"Kuna uongo." Akagonga fimbo sakafuni. "Wameonesha mwanamume anamwokoa mwanamke, Rukuba. Haikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyezama."

Nilikaa. Yeye akabaki amesimama kwa heshima, kama mtu aliyekuja kutoa ushahidi.

"Umesoma kitabu?" nikamuuliza.

"Mimi sikusomaga vitabu, mjukuu wangu. Nilisoma ng'ombe."

Nilifunga duka. Tulipofika Nyegina, Mwalimu alikuwa nje anaanika mihogo. Aliinua kichwa, akamwona, na mikono yake yote miwili ikaenda kwenye kilemba kukiweka sawa. Mwalimu wangu, ambaye alikwenda kupokea cheti cha utumishi bora akiwa na chaki kwenye nyusi, anaweka sawa kilemba.

"Wamekosea," Bwana Mifugo akasema bila hata kubisha hodi. "Nimekuja kukuambia wamekosea. Wewe ndiye uliyenitoa. Ulinivuta kwa tai, nikabaki na alama shingoni mpaka Pasaka."

"Kitabuni nimeandika sawa," Mwalimu akasema. "Karibu ukae."

"Na ule unene? Wameniambia kitabuni ni mnene. Umeutoa wapi? Wewe ulikuwa kama fimbo ya kuchungia."

"Nilitaka aonekane."

Nilisimama pale na kapu la mihogo, nikipanga upya kichwani kitabu chote nilichokichapa. Kwa hiyo hata Nyangeta alikuwa amebadilishwa. Kabla dairekta hajamkondesha, Mwalimu alikuwa amemnenepesha. Alimpa mabega na sauti, na hakuna aliyegundua, kwa kuwa nani angemtafuta mwalimu mwembamba wa sarufi ndani ya mchuuzi anayekula vichwa vya sangara?

Mzee alikaa. Akazungusha fimbo mkononi. Alihamishwa kikazi mwaka uleule, akaeleza, akaoa huko alikokwenda, akafiwa na mke, akarudi Butiama kwenye ng'ombe zake. Alisema yote hayo haraka, kama mtu anayevuka daraja bovu. Kisha akafika alipokuwa anakwenda.

"Kuna mahali yule msichana analia. Anasema alitaka arudi." Akamtazama Mwalimu kwa lile jicho zima. "Hayo uliandika wewe, au wameongeza wao?"

Nilitamani kuondoka, lakini miguu haikutaka, na nadhani Mwalimu naye hakutaka niondoke. Alikuwa ameshika kipande cha muhogo anakigeuza geuza. Angeweza kusema lolote. Alikuwa na maneno mengi kuliko mtu yeyote mkoani Mara.

"Wameongeza," akasema.

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akashika fimbo kama anayetaka kuinuka.

"Wameongeza," Mwalimu akarudia. "Lakini hawakukosea."

Nikaingia ndani kuchemsha chai. Niliichemsha sana.

*

Hawajaoana, na akina mama wa jumuiya wameacha kuuliza, jambo ambalo nadhani linamkera kidogo. Mwalimu haji dukani kama zamani. Nimewahi kumwambia wateja wanaandika ovyo sasa, nukta zimepotea mjini. Akasema niwasahihishe mimi, yeye ana kazi.

Kazi yenyewe niliiona juzi. Nilikuwa nimekwenda Butiama kupeleka mihuri kwenye ofisi moja, nikapita nyumbani kwa Bwana Mifugo kumpa pole. Amepasuliwa mtoto wa jicho, na jicho limefunikwa kwa bandeji nyeupe. Hata lile lingine haliamini, amelifumba. Nilimkuta barazani amekaa kwenye kiti cha uvivu, uso ameuinua, ndama wamefungwa upande wa kivuli. Mwalimu yuko kwenye kigoda karibu naye, miwani puani, kitabu mkononi. Anamsomea. Mzee asiyesoma vitabu ameamua kusomewa kimoja, na ana malalamiko.

"Rudia hapo," anasema. "Mbona huyu Magesa mwoga hivyo? Mimi sikuwa mwoga."

"Uliogopa mpaka ukamshika mwenye boti mguu."

"Nilikuwa najizuia. Endelea."

Nilikaa kimya kwenye ngazi. Walikuwa wamefika Rukuba, kwenye wimbi. Ukurasa ule niliuchapa kwa mkono wangu na naujua kama Baba Yetu: Magesa hapigi hata mkono mmoja, anazama kama jiwe la kusagia, na kinachobaki juu ya maji ni kofia. Watu hucheka hapo.

Mwalimu alifika pale. Akamtazama mzee. Kisha akasoma, kwa ile sauti yake ya darasani, wazi, bila kusita: "Magesa akaogelea. Akaogelea vizuri, kwa mikono mirefu, mpaka viatu vilipomlemea."

"Viatu!" mzee akasema, akapiga paja. "Siku zote nilisemaga ni viatu. Hapo umeandika kweli tupu."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Mwanamke huyu aligombana na Mwanza nzima kwa ajili ya jina moja. Alitusimamisha darasani kwa silabi. Akainua macho juu ya miwani, akaniona, akanikazia uso vilevile alivyonikazia nilipokuwa na sketi ya shule.

"Kuna mtu ana swali?"

"Hapana, Mwalimu."

"Vizuri."

Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akaendelea kumsomea mambo ambayo hayakuandikwa, na mzee, macho yakiwa gizani na uso ukiwa juani, akaendelea kuogelea.